Mkono Uliochelewa Kuamka

Jumanne iliyopita, nikiwa nimeinama juu ya meza ya kukatia vitambaa, nilisikia mtu anakohoa ngazini. Alikohoa kwenye orofa ya kwanza, akapumzika, akakohoa kwenye ya pili, na kabla hajafika ya tatu mkono wangu ulikuwa umekwenda wenyewe kufungua dirisha. Nikasimama pale na kitasa mkononi, nikajicheka. Hakukuwa na moshi wa kutoa. Chumba hiki hakijaona moshi kwa karibu miaka ishirini na tano. Mlangoni akatokea Ustadh Twahir, kofia ile ile ya kufuma, ndevu sasa nyeupe tupu. Aliweka mkono kifuani kunisalimu, kama anavyowasalimu wanawake wote wasio ndugu zake, kisha akaniwekea mezani kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Ndani mlikuwa na mkasi wa dada yake, Bi Zuhura, aliyezikwa Ijumaa. "Alisema ni wako," Ustadh akaniambia. "Alisema wewe ndiye uliyekuwa ukiungoja mkono wake uamke." Nikaketi kwenye kigoda nikalia, naye maskini akasimama akizitazama reli za mapazia ukutani mpaka nilipomaliza.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi kamili mwenye cheti chake na kiburi chake. Bi Zuhura, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa akikaribia sitini, alikuwa akishona mapazia katika chumba hiki hiki, katikati ya mji, juu ya duka la sufuria. Vitambaa tulivikata hapa, lakini madirisha yalikuwa Lavington, Kileleshwa na Kilimani, na huko ndiko tulikokwenda na tepu na ngazi yetu ya mbao. Chumba kilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu, jiko dogo la gesi, na nyuma ya pazia la maua kistoo cha kuwekea mabunda ya vitambaa. Siku yangu ya kwanza niliingia kama ninavyoingia kokote mjini. Nikasema "Sasa?" nikagusa vidole vyake nikataka kupita. Hakuniachia. "Mbona wauachia mkono kama umeshika kaa la moto?" akaniuliza. "Nimekuuliza hali yako, hata hujanijibu wataka kwenda." Nikajifunza hapo sheria ya kwanza ya karakana ile. Mkono ukishikwa hauachiwi mpaka salamu ziishe, na salamu zake hazikuisha upesi. Umeamkaje, umelalaje, msichana unayekaa naye hajambo, mama yako kule Bungoma ana habari gani, na yule ng'ombe aliyekuwa hali majani, amekula? Wiki ya kwanza nilihesabu dakika. Kufikia wiki ya nne nilikuwa nikitunga habari za ng'ombe njiani ili nisifike mikono mitupu.

Tulikula pamoja saa saba, mimi na yeye, miguu yetu chini ya meza ya kukatia. Yeye alileta wali wa nazi na mchuzi wa samaki ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko cha bluu, mimi nilileta ugali na kunde, na kila mmoja alikula cha mwenzake huku akikisema vibaya. Aliita ugali wangu tofali. Nami nilimwambia wali wake ni chakula cha kudanganyia tumbo. Baada ya Alasiri, akishakunja msala wake, aliwasha chetezo, akaweka kipande cha udi juu ya kaa, akaingia nacho kistooni kwa dakika kumi. "Nachoma udi," alisema. Mapazia yetu yote yaliondoka pale yakinukia, na mama mmoja wa Kilimani alikuwa akiyaita mapazia ya Pwani na kutuletea wenzake kwa ajili ya harufu tu. Ilinichukua miezi miwili kuelewa. Kila asubuhi aliniomba nimpitie Mutiso, mwenye kibanda pale chini, nimwambie Bi Zuhura anataka pini. Mutiso alinipa kikaratasi kilichosokotwa. Siku moja kikafunguka mkononi mwangu nikaona pini tatu na sigara moja. Nilikisokota tena nikampelekea, naye akanitazama usoni, akaona nimeona. "Ndugu yangu ni mwalimu wa dini," akasema taratibu. "Nusu ya watoto wa mtaa huu wamesoma kwake. Wanielewa, mwanangu?" Nikamwambia mimi nimeona pini tu. Tangu siku ile dirisha likawa kazi yangu.

Ustadh alikuwa akija karibu kila siku, akitoka kwenye chuo chake cha Kurani kwenda nyumbani, na kifua chake kilitutia huruma sote. Alianza kukohoa kwenye orofa ya kwanza. Kufikia ya tatu ungedhani anakata roho. Kikohozi hicho kilituokoa mara nyingi, kwani kilitupa muda wa kuzima, kufungua, kupepea kwa kipande cha kitambaa na kuongeza udi. Akishaingia, Bi Zuhura alimketisha na kumpa chai ya tangawizi aliyomchemshia mapema, nyeusi, kali, yenye habasoda. "Kunywa yote," alimwamuru. Alipoondoka alinigeukia na macho ya wasiwasi. "Huyu ndugu yangu, Nekesa, kifua kitanimalizia yeye."

Katikati ya mwaka niliharibu mahameli. Ilikuwa ya rangi ya zabibu, ya nyumba moja ya Lavington, nami nikakata vipande viwili manyoya yakielekea juu na viwili yakielekea chini, hivi kwamba vikitundikwa pamoja vilionekana rangi mbili. Bi Zuhura hakunigombeza. Alivitazama, akavikunja, akasema tutavifanya mito. Lakini asubuhi iliyofuata aliponipa mkono niliona mara moja kwamba amenikasirikia. Mkono wenyewe ulikuwa umelegea kama kitambaa kilichotoka majini. Nikaona haya hata kumtazama, na kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuomba radhi, nikaurefusha ule mwendo wa salamu. Nikamuuliza habari za ndugu yake, za wapwa wake, za shangazi yake wa Lamu ambaye sikuwahi kumwona, za goti la shangazi huyo. Na hapo, tukiwa kwenye goti, nikausikia mkono unanishika sawasawa. Amenisamehe, nikajiambia. Kesho yake ukawa umelegea tena. Nikaanza upya, Lamu tena, goti tena, mpaka ukanishika. Mwezi mzima nilikuwa nasamehewa kila asubuhi na kukasirikiwa upya kila usiku, na nikaanza kumwona Bi Zuhura mwanamke mwenye kinyongo kisichoisha. Leo najua nilichokuwa nikikishika mle kiganjani. Wakati ule nilikuwa na mahameli tu kichwani.

Mengine yalikuja kidogokidogo, nasi tukayapa majina ya kawaida. Mkasi ulimkataa mikato ya kwanza, kisha ukamkubali. "Mkono umelala, ngoja uamke," alisema, akaufungua na kuufumba hewani mara kadhaa kabla ya kugusa kitambaa. Kinywa kilimkauka hata akaweka chupa ya maji kando ya cherehani, na Ramadhani ya mwaka ule ilimtesa nisivyowahi kuona. Alianza kuswali kwenye kiti, kwa sababu akishasujudu hakuweza kuinuka bila kushika mguu wa meza. Kope zilimshuka jioni. Kwenye nyumba ile ya Lavington, tulipopeleka mapazia mapya, mwenye nyumba alimpa mkono mlangoni akauachia papo hapo. Baadaye, nikiwa juu ya ngazi, nilimsikia akisema kwenye simu jikoni: "Huyu mama wa curtains ako na madharau sana. Ananipea mkono ni kama ananifanyia favour." Nilitamani kushuka nimwambie kitu, lakini nilikuwa na misumari kinywani. Hakutuita tena.

Alikwenda kwenye zahanati mbili za mjini. Ya kwanza walimpima sukari kwa sababu ya ile kiu, wakaona hana, wakampa vitamini. Ya pili daktari alimwambia abane kidole chake, akakibana vibaya, naye akaandika kwamba ni umri na uchovu, apunguze ngazi. "Nipunguze ngazi vipi?" Bi Zuhura aliniuliza alipofika juu, akihema. "Nishonee barabarani?" Tulicheka, lakini usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilikuwa nimeanza kuogopa, kwani hata mimi nilijua kwamba kinyongo hakimfanyi mtu ashindwe kuinuka kutoka kwenye sala.

Tulichoitiwa Kileleshwa kilikuwa kazi ndogo, madirisha manne ya nyumba mpya ya orofani. Mwenye nyumba alikuwa Daktari Wairimu, mwanamke kijana mwenye haraka, daktari wa mishipa ya fahamu, ingawa sisi tulijua tu kwamba anataka rangi ya kijani. Tulipomaliza kupima alitukaribisha chai, na Bi Zuhura akaketi kwenye sofa la chini, ile aina inayokumeza. Kuinuka kukamshinda. Alijaribu mara tatu akitabasamu, kama mtu anayefanya mzaha. Daktari akaweka kikombe chini. "Mama, hii imeanza lini?" Akampa mkono. "Nibane hapa, kwa nguvu." Bi Zuhura akabana. Daktari akauachia, akatikisa kichwa. "Ni weak kidogo." Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni hasira ya mapazia ya Lavington na ya zile zahanati mbili, ya watu wote wenye haraka. Nikasema, "Daktari, usiuachie. Msalimie vizuri."

Alinitazama kama nimepungukiwa na akili. "Kumsalimia vipi?" Nikamwambia mkono wake huchelewa kuamka, lakini ukiushikilia na kumuuliza habari za nyumba nzima, huamka. Daktari akacheka, akaushika tena, akaanza kwa Kiswahili chake cha Nairobi, mama habari, habari ya watoto, sina watoto nina wapwa, sawa basi habari ya wapwa, mama endelea kubana, na habari ya kazi? Nikaona kicheko kinafutika usoni mwake. Aliuachia mkono, akangoja dakika chache, akaushika tena. Kisha akaenda chumbani akarudi na nyundo ndogo ya mpira, akampiga chini ya goti. Mguu haukucheza. Akamwambia aukaze mguu kwa nguvu huku akihesabu hadi kumi, akapiga tena, na mguu ukaruka hata ukamgusa daktari tumboni. Bi Zuhura akaomba radhi. Daktari alikuwa amekwisha kushika kalamu. "Na mdomo inakauka, sindio?" akauliza. Bi Zuhura akanigeukia mimi. "Nani amemwambia?"

Tulikwenda kwenye kliniki yake Kilimani wiki iliyofuata, tukiwa watatu, kwani Ustadh hakukubali kubaki. Walikuwa wamemchoma sindano za umeme mkononi na kumpiga picha ya kifua. Daktari akatueleza polepole. Ugonjwa ulikuwa na jina refu la wazungu wawili, nililiandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya madirisha. "Mishipa inaongea na muscles lakini hazisikii mara ya kwanza. Ukirudiarudia ndio zinasikia. Wakati mwingine hii kitu inakuja tu peke yake, tunatibu, maisha inaendelea. Lakini wakati mwingine kuna kansa ndogo imejificha, sanasana kwa mapafu. Mgonjwa hata hakohoi, hasikii uchungu. Mwili inaiona kabla sisi hatujaiona, inatuma askari waipige, na hao askari wanakosea wanapiga mishipa pia. Kwa hivyo huo mkono unaweza kuwa ni habari imetumwa mapema." Akafungua faili. "Picha ya kifua haionyeshi kitu. Mama, umewahi kuvuta sigara?"

Bi Zuhura akaliweka sawa buibui lake. "Astaghfirullah," akasema. "Mimi?"

Daktari akaandika. "Sawa. Ungekuwa unavuta ningekutuma scan kubwa ya kifua leo leo, sababu picha ya kawaida inaweza kukosa kitu ndogo. Lakini kama huvuti, tunaweza kuanza dawa ya nguvu, halafu tuone baada ya miezi mitatu."

Miezi mitatu. Ninaikumbuka meza ile na kalenda yake ya kampuni ya dawa. Ustadh alikuwa ameketi kati yangu na dirisha, tasbihi mkononi, akitazama dari. Nikisema, nimemvua nguo dada mbele ya ndugu yake, mbele ya mtu ambaye kwa ajili ya heshima yake dada huyo alikuwa amejificha kistooni miaka yote ile. Nikinyamaza, kile kitu, kama kipo, kimepewa miezi mitatu ya kukaa raha mustarehe. Nilimpenda mno kufanya lolote kati ya hayo mawili. Basi nikafanya nililokuwa nikilifanya kila asubuhi. Nikamshika mkono pale pale. "Hujambo, Bi Zuhura?" Alinitazama kwa mshangao, lakini salamu ni salamu, hakuweza kuiacha bila jibu. "Sijambo." "Umeamkaje?" "Salama." "Wapwa wako?" "Hawajambo." Mkono ulikuwa umelala. "Na udi, Bi Zuhura? Habari za udi?"

Daktari alitutazama kama watu wawili waliorukwa na akili. Nilikaza kumtazama Bi Zuhura, machozi yakinilengalenga, nikiusikia mkono wake unaanza kuamka ndani ya wangu, unanibana, sasa kwa hasira ya kweli. Ndipo Ustadh, bila kuteremsha macho kutoka darini, akasema: "Dada, mwambie daktari habari za udi."

"Udi gani?"

"Ule auzao Mutiso. Mmoja mmoja."

"Wajua tangu lini?" Bi Zuhura akauliza, kwa sauti ndogo ya mtoto.

"Tangu mwaka ulipofungua duka. Nilipanda ngazi kimya siku ile, nikakuona kupitia upenyo wa lile pazia. Nikashuka. Nikakaa pale kwa muuza sufuria mpaka nilipotulia, kisha nikapanda tena nikikohoa, upate nafasi." Akamgeukia sasa. "Kwani wewe wadhani kifua changu kina nini miaka yote hii?"

Nilidhani Bi Zuhura atalia, na alilia, lakini baadaye. Kwanza alisema, akiwa amefura: "Mwanamume wewe! Na mimi nimekuchemshia tangawizi miaka kumi na tisa!"

"Na nimeinywa," Ustadh akasema. "Yote."

Daktari Wairimu aliifuta ile sentensi yake kwa mstari mmoja, akaandika nyingine. Scan ikafanywa alasiri ile ile. Wakakiona, kidogo, kimejibanza katikati ya kifua karibu na moyo, mahali ambapo picha ya kwanza isingekiona. Ilikuwa ni ile aina inayokimbia, daktari alisema, ile ambayo kwa kawaida ikigunduliwa huwa imekwisha kuhama na kujenga kwingine. Hii ilikuwa bado iko nyumbani. Mkono ulikuwa umewahi kusema. Miezi iliyobaki ya mwaka ule ilikwenda kwa dawa za mshipani na mionzi, nywele zikamtoka, akafunga kichwani kipande kilichosalia cha mahameli ya zabibu, kilekile nilichokiharibu, na akaniambia kimepata kazi yake. Ustadh alikuja kila siku na chupa ya chai ya tangawizi, sasa akimpa yeye. "Kunywa yote," alimwambia, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiambiwa nayo. Nilikuwa nikiwaona wawili wale, mgonjwa na mwalimu, wakigombana juu ya kikombe, nikitoka nje ya pazia la maua kwa sababu moyo ulikuwa unanijaa.

Alipona, na si wengi wanaopona ugonjwa ule. Akavuka sabini, akavuka themanini, na kilichomchukua mwishowe ni uzee tu. Mkono haukurudi kuwa wa zamani kabisa. Asubuhi uliendelea kuchelewa, na aliniachia chumba hiki kwa sababu ya ngazi, lakini mkasi alikaa nao, akisema hataki umsahau. Watu wananiuliza kwa nini nawashika wateja mikono kwa muda mrefu hivyo, siku hizi ambapo kila mtu ana simu kwenye mkono wa pili. Nawaambia ni desturi ya karakana.

Jumatano ya wiki yake ya mwisho nilikwenda kumwona Kileleshwa, kwa mpwa wake, kwenye chumba chenye mapazia tuliyoyatundika mimi na yeye. Alikuwa amefumba macho na hasemi tangu jana yake. Ustadh alikuwa sebuleni, mlango ukiwa wazi. Nikaketi kitandani nikamshika mkono. "Hujambo, Bi Zuhura?" Nikajijibu mwenyewe. Nikamuuliza alivyoamka, nikamuuliza wapwa na watoto wa wapwa, Mutiso aliyetangulia, Daktari Wairimu, yule mama wa Lavington ambaye hatukuwahi kumsamehe, mama yangu, ng'ombe wa mama yangu, shangazi wa Lamu na goti lake. Mkono ulikuwa umelala. Niliuliza mpaka nikaishiwa na watu wa kuuliza. Mwishowe nikamwinamia sikioni. "Na udi, Bi Zuhura? Habari za udi?" Nikangoja kama alivyonifundisha. Sebuleni Ustadh akakohoa. Na ndani ya kiganja changu vidole vikaamka, kimoja, kingine, vikanibana upesi upesi, kama ananiambia nikimbilie dirisha. Nikalifungua kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia sikuuachia.